Magemu ya Wastani na Hukumu za Wahakiki: Maswali ya Wachezaji na Wenye Mabanda wa Mtwara na Lindi

Majibu haya ni ya mtu aliyeko Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Newala, Lindi, Nachingwea au Kilwa, anayetaka kununua CD ya PlayStation au Xbox, ya kuchezea nyumbani au ya kuchezesha kwa malipo bandani, na ameona wahakiki wa nje wameipa alama ya katikati. Magemu makali hayahitaji maelezo, na yale mabovu kabisa sifa zake hutangulia. Hela inapotea hapa katikati, na bahati mbaya CD nyingi za bei ya kutupa ni za huku huku.

Gemu la wastani ni lipi hasa?

Kipimo kinachotajwa zaidi ni Metacritic, tovuti iliyoanza 2001, ambayo huchanganya alama za wahakiki wengi ikatoa namba moja kati ya 0 na 100. Kwa magemu, 75 kwenda juu ni kijani, 50 hadi 74 ni njano, chini ya 50 ni nyekundu. Tukisema gemu la wastani tunamaanisha la njano. IGN, tovuti ya Marekani ya hakiki za magemu, ambao tangu Januari 2020 wanatoa namba nzima kuanzia 1 hadi 10 bila nukta, 7 kwao ni zuri, 6 linapitika, 5 ni la wastani na 4 ni baya. Jarida la Edge la Uingereza mkono wao ni mzito zaidi: 5 yao ni katikati kweli, na 7 yao ni sifa.

Alama 65 kwenye mtihani ni B. Kwa nini kwenye gemu inaonekana aibu?

Kwa sababu ngazi yenyewe si ya NECTA. Kidato cha nne 45 tayari ni C, 65 ni B, na 75 unaandikiwa A. Macho yetu yamezoea hivyo, basi mtu akiona gemu lina 62 anaona limefaulu. Wahakiki wengi wanaosomwa ni wa Marekani, ambako shuleni 70 ndiyo C na chini ya 60 umeanguka. Halafu magemu mabovu kupindukia mara nyingi hakuna anayehangaika kuyahakiki, kwa hiyo yanayofika mezani yameshachujwa, na alama zinajazana kati ya 60 na 90. Nusu ya chini ya ngazi karibu haina watu.

Kwa haraka haraka soma hivi: 80 na zaidi, nunua kama aina hiyo ya gemu unaipenda. Miaka ya 70, zuri lenye kasoro unayopaswa kuijua kabla. Miaka ya 60, subiri bei ishuke. Miaka ya 50, lina ugonjwa. Tafuta ni ugonjwa gani, kwa sababu mwingine kwako hauumi. Chini ya 50 usiguse, labda upewe bure.

Metacritic na OpenCritic zinatofautiana nini?

Metacritic haitoi alama mpaka ipate hakiki zisizopungua 4. Nyota 3 kati ya 5 huigeuza 60, kisha hupima uzito: chombo kikubwa kinavuta zaidi ya kidogo, na uzito huo hawautangazi. OpenCritic, tovuti nyingine ya kuchanganya alama, ilianza 2015, yenyewe hupiga wastani wa kawaida na kuongeza asilimia ya wahakiki wanaolipendekeza gemu. Asilimia hiyo kwa mnunuzi ina faida kuliko wastani. Gemu lenye wastani wa 68 ambalo wahakiki 2 tu kati ya 10 wanalipendekeza ni gemu ambalo kila mtu amelivumilia na hakuna aliyelipenda.

Ukishaona namba, fungua orodha uangalie zilivyotawanyika. 65 iliyotokana na 60, 65, 70 ni uji usio na sukari: haukudhuru, haukufurahishi. 65 iliyotokana na 90 na 40 ni kitu kingine kabisa, hapo kuna watu limewashika. Soma aliyetoa 90 na aliyetoa 40, uone wewe unafanana na nani.

Kuna tovuti za hakiki zisizotoa namba. Kotaku hawatoi. Eurogamer waliacha namba 2015, wakarudi 2023 na nyota tano, hivyo hakiki zao za miaka hiyo ya kati hazimo kwenye wastani wowote. Usidhani walinyamaza.

Gemu moja lina alama tofauti kwa kila mashine. Niangalie ipi?

Ya mashine uliyonayo, basi. Mfano wa wazi ni Cyberpunk 2077, lililotoka tarehe 10 Desemba 2020. Kabla ya kutoka, wahakiki walipewa nakala za kompyuta peke yake, na kwenye kompyuta likapata 86. Nakala za PS4 zilipofika mikononi mwa watu, gemu lilikuwa linastaki, sura za watu zinachelewa kutokea, linazima katikati ya misheni. Kwenye PS4 likaishia 57, na Sony wakaliondoa kwenye duka lao mwezi huo huo. Lilirudi Juni 2021.

Sehemu inayowaumiza wanunuzi wa huku ni hii: apdeti kubwa ya 2.0 ya Septemba 2023, ile iliyofanya watu waseme gemu limepona, ilikuja PS5, Xbox Series na kompyuta. PS4 haikupewa. Muuzaji akikuambia "hili lilisharekebishwa" huku ameshika CD ya PS4, anakuuzia sifa za mashine nyingine.

Wahakiki wanapima nini, na banda linahitaji nini?

Mhakiki anacheza peke yake nyumbani, intaneti ina kasi, mashine mpya, anamaliza stori ya saa 10 hadi 40. Anauliza kama stori imemgusa, kama gemu limeleta jambo jipya, kama linastahili bei ya siku ya kwanza. Mwenye banda pale Magomeni au Chikongola, Mtwara mjini, ana pedi mbili, runinga moja, foleni ya vijana wamesimama mlangoni, na bando analolinda kwa wivu. Anauza dakika. Ndiyo maana God of War ya 2018, yenye 94, bandani inaweza kulala wiki nzima: ni ya mtu mmoja, ndefu, na anayefuata kwenye foleni hana cha kufanya. Gemu la njano linalochezwa wawili kwa dakika tatu tatu linaweza kulipita mapato mbali sana.

Kwa hiyo lawama za mhakiki zigawe mafungu mawili.

Lawama ambazo bandani si kitu: stori dhaifu, gemu fupi, linajirudia rudia, halina jipya kulinganisha na la mwaka jana. Kijana aliyelipa mechi moja hafiki mahali pa kuchoshwa na marudio.

Lawama ambazo ni sumu: muda mrefu wa kupakia, kuganda na kuzima, pedi kuchelewa kuitika, wachezaji au magari kufungwa mpaka uyafungue kwa saa nyingi, modi ya wawili kuwa ya mtandaoni tu, na kudai intaneti muda wote. Mhakiki anaweza kuyataja haya kwa sentensi moja chini kabisa. Wewe ndiyo sentensi ya kuitafuta.

Tupige hesabu ya kupakia. Mechi ni dakika 3 na unachaji 300. Saa moja bila kusubiri ni mechi 20, yaani 6,000. Gemu likipakia dakika 1 kila mechi, saa hiyo hiyo inabeba mechi 15, yaani 4,500. Kila saa 1,500 imekwenda kwa kutazama duara linazunguka, na LUKU inasoma vile vile.

Jump Force mbona wahakiki wameiponda na vijana wanaiulizia?

Ni mfano mzuri wa mgongano huo. Ilitoka Februari 2019, inakutanisha akina Goku, Naruto, Luffy na Ichigo, na alama zake zilitua chini kidogo ya 60. Wahakiki walilalamikia stori iliyokauka, watu wanaotembea kama vinyago kwenye vipande vya filamu, midomo isiyolingana na maneno, na kupakia kwingi. Katika hayo manne, matatu ya kwanza yako kwenye stori, ambayo bandani hakuna anayeigusa. La nne linakuhusu moja kwa moja.

Mapigano yenyewe ni timu ya watatu kwa watatu, mnabadilishana, na damu ya timu ni moja. Mgeni anaelewa haraka, na mechi inaisha bila kubishania sheria. Pedi mbili zinacheza bila intaneti. Dukani mtandaoni liliondolewa Februari 2022 na seva zake zikafungwa Agosti mwaka huo huo, lakini CD inaendelea kucheza nje ya mtandao. Kwa mtu anayetaka stori ya kumaliza nyumbani, wahakiki wako sahihi, aachane nalo. Kwa banda lenye watoto wa katuni za Kijapani, ukilipata kwa bei ya CD kuukuu, litarudisha hela. Usilinunue kwa bei ya gemu jipya.

Nikiwa na robo saa tu, uhakiki niusome vipi?

1. Hakikisha juu umeandikwa kwa mashine yako. Kama mhakiki amecheza PS5 na wewe una PS4, chukua maoni ya mchezo, achana na maoni ya kasi na picha.
2. Tazama tarehe. Uhakiki wa siku ya kutoka unaelezea gemu kabla ya apdeti za baadaye, na kwa mtu asiyetumia intaneti huo ndio ulio karibu na ukweli wake.
3. Soma aya ya mwisho, kisha uhakiki mmoja wa juu na mmoja wa chini. Wa katikati ruka.
4. Hakiki nyingi ni za Kiingereza, hivyo tafuta ndani ya ukurasa maneno "split-screen", "local" na "always online". Mawili ya kwanza yanakuonyesha kama pedi mbili zinakubali; la tatu maana yake linadai intaneti muda wote, likitokea funga ukurasa.
5. Angalia video ya mtu akicheza bila kuongea, dakika 10 tu, kwa ubora wa chini ili bando lisiishe. Hesabu kwa sekunde kutoka anapobonyeza kuanza mpaka anapogusa mpira au kupiga ngumi.

Hatua ya tano watu wengi wanaruka, na ndiyo inayookoa hela nyingi.

Gemu la njano linalodai intaneti muda wote, ninunue kama bei ni ya kutupa?

Hapana. Bei ni ya kutupa kwa sababu limeshatupwa au linakaribia. The Crew, la magari, la 2014, lilikuwa na 61 kwenye PS4; seva zilizimwa mwishoni mwa Machi 2024 na CD zake zote zikawa visahani. Anthem ya 2019 ilipata 54 kwenye PS4, na seva zake zimefungwa Januari 2026. Babylon's Fall ilitoka Machi 2022 ikazimwa Februari 2023. Concord ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na tarehe 6 Septemba ikazimwa. Hao wa Concord angalau walirudisha pesa za watu.

Zote nne zilikuwa njano au nyekundu. Gemu la mtandaoni likipata alama ya katikati, wachezaji hawatoshi, wachezaji wasipotosha seva hailipi, seva isipolipa inazimwa. Kwa gemu la namna hii, 60 isome kama tarehe ya kuisha muda. Need for Speed ya 2015 nayo inadai intaneti kila dakika hata ukicheza peke yako, na CD zake ziko nyingi mitaani. Need for Speed Payback ya 2017 haina tatizo hilo, stori yake inakwenda bila mtandao; walioiponda walichukia kadi za bahati nasibu za kuongezea gari nguvu.

CD ikisema gemu limo, si limo?

Si lazima. Tony Hawk's Pro Skater 5 ya 2015 ilikuwa na GB 4.6 kwenye CD na apdeti ya siku ya kwanza ya GB 7.7. Bila apdeti unapata mafunzo na sehemu ya kutengeneza uwanja, basi. Gemu lenyewe halimo. Alama zake zilikuwa za thelathini na kitu, kwa hiyo hukukosa kitu, lakini mtindo huo upo hata kwenye magemu ya njano yanayoonekana ya heshima.

Namna ya kupima kabla ya kutoa hela, kwa PS4: zima intaneti kwenye mashine, ingiza CD, acha gemu lijinakili kwenye hadi diski mpaka mwisho, usianze kucheza likiwa nusu. Lianze. Nenda moja kwa moja kwenye modi utakayouza, si stori. Kisha rudi kwenye picha ya gemu, bonyeza Options, ingia Information, usome toleo. 1.00 ni CD tupu. Kama muuzaji amekuonyesha gemu linateleza vizuri na toleo linasoma 1.12, ameshaliapdeti kwenye mashine yake, na wewe nyumbani utakutana na 1.00.

Apdeti ni kubwa na bando ni dogo. Kuna njia?

Apdeti za magemu ya PS4 hazishushwi rasmi kwenye simu zikahamishwa kwa flashi. Flashi inakubali programu ya mashine tu. Njia ya kawaida ni kubeba mashine yenyewe kwenda penye intaneti isiyopimwa kwa GB, ukashusha apdeti zote kwa mkupuo. Baada ya hapo kosa linalotokea sana ni hili: hadi diski ya GB 500 inajaa, mtu anafuta gemu akijua CD anayo. Ukifuta gemu unafuta na apdeti. Kabla ya kufuta, angalia lipi lina apdeti nzito, na hilo liache. Futa lile ambalo toleo lake ni 1.00, litarudi lote kutoka kwenye CD bila hata MB moja.

Gemu likirekebishwa, alama inapanda?

Metacritic hapana. Wanachukua alama ya kwanza ya mhakiki na haibadiliki hata akiandika upya. No Man's Sky ilipata 71 kwenye PS4 mwaka 2016, na 71 hiyo imebaki, ingawa gemu limeongezewa mambo kwa miaka mingi mpaka halifanani na lile la kwanza. Hivyo kwa gemu lililokomaa tafuta maandishi mapya, na kwa CD isiyo na apdeti amini yale ya zamani.

Ile GTA ya tatu kwa moja, yenye San Andreas, niichukue?

Swali hili linaulizwa kuliko yote. Toleo jipya la GTA III, Vice City na San Andreas lilitoka Novemba 2021 na kuambulia hamsini na kitu kwenye PS5, chini ya hapo kwenye Switch ya Nintendo. Lawama zilikuwa za kuonekana kwa macho. Mvua ilichorwa kama nyuzi nyeupe zinazokatiza skrini nzima, usiku huoni barabara. Ukungu wa zamani uliokuwa ukificha mwisho wa ramani uliondolewa, basi San Andreas, iliyokuwa ikionekana nchi nzima, ukipanda ndege unaiona kama kiwanja. Vibao vya maduka vilisafishwa na programu isiyojua kusoma, vikatoka na tahajia mbovu. Kuna duka la donati lenye nati kubwa juu ya kibao: ya zamani ilikuwa na pembe sita kama nati yoyote kwa fundi, ya mpya ikalainishwa mpaka ikawa duara. Aliyecheza ya PS2 anaziona hizo kwa sekunde.

Apdeti zilirekebisha mvua mapema, na ile ya Novemba 2024 ikarudisha mwanga na anga kwa mtindo wa zamani. Ukiwa na intaneti ya kuishusha, gemu ni zuri kwa bei ya chini. Ukiwa na CD peke yake, utacheza gemu lililo karibu na lile walilolihukumu 2021. Na kama una PS2 inayofanya kazi na San Andreas ya zamani ndani yake, sioni haja.

Mpira na mieleka: mwaka upi ni wa kukwepa?

Kwenye mieleka kwepa WWE 2K20. Ilitoka Oktoba 2019, alama zake arobaini na kitu, watu wanazama kwenye kamba, nywele zinaruka peke yake. Tarehe 1 Januari 2020 gemu likagoma kufunguka kabisa kwa sababu ya kasoro ya tarehe, na ponya ya siku ile ilikuwa kurudisha saa ya mashine 2019 mpaka apdeti ilipokuja. CD bila apdeti ikikugomea, jaribu dawa hiyo hiyo. Mwaka uliofuata hawakutoa gemu kuu, na 2K22 ikarudi kwenye kijani.

Kwenye mpira alama ya njano ina maana nyingine. Mhakiki anakata alama kwa sababu la mwaka huu ni la mwaka jana na jezi mpya. Bandani jezi mpya na usajili mpya ndizo zinazouzwa, kwa hiyo lawama hiyo haikuhusu. Inayokuhusu ni maneno Legacy Edition kwenye ganda. FIFA za PS3 za mwisho mwisho, hadi FIFA 19, na za Switch kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23, ni gemu la zamani lililobadilishwa vikosi. IGN waliipa ile ya FIFA 20 ya Switch 2 kati ya 10, na ya FIFA 21 walipoiona haina jipya wakachapisha uhakiki ule ule na 2 ile ile. Kama unataka vikosi tu na bei ni ya chini, chukua ukijua.

eFootball iliyofunguliwa tarehe 30 Septemba 2021 kuchukua nafasi ya PES ni ya bure na ya kushusha, ilianza na alama mbaya kabisa na imejengwa juu ya intaneti. Ndiyo maana PES 2021 bado ina thamani kwenye mabanda.

Wahakiki hawanunuliwi hawa?

Nakala za bure wanapewa, hilo ni la kawaida. Shinikizo nalo lipo. Mwaka 2007 mhakiki Jeff Gerstmann alifukuzwa tovuti ya GameSpot baada ya kuipa Kane & Lynch: Dead Men 6, wakati matangazo ya gemu hilo yamejaa kwenye tovuti hiyo hiyo; 2012 alithibitisha hadharani kwamba alama za namna hiyo ndizo zilizomponza. Upande wa pili, kampuni hufunga malipo kwenye alama: watengenezaji wa Fallout: New Vegas walikosa bonasi kwa sababu walipata 84 na mkataba ulitaka 85.

Dalili ya kuogopa zaidi ni saa ya kuruhusiwa kuandika. Assassin's Creed Unity ilianza kuuzwa tarehe 11 Novemba 2014 na wahakiki wakafungwa midomo mpaka adhuhuri ya siku hiyo kwa saa za New York. Waliowahi kununua walikutana na watu wasio na ngozi ya uso, macho na meno yanaelea. Gemu ambalo hakiki zake zinazuiwa mpaka mauzo yaanze, lipe wiki mbili.

Alama za wachezaji, zile za 0 hadi 10?

Namba yake usiifuate. Watu hugawa 0 kwa hasira na 10 kwa kujibu hasira. The Last of Us Part II, 2020, wahakiki walitoa 93, wachezaji siku za mwanzo chini ya 4, wengi wakiwa hawajapata hata muda wa kulimaliza. Baada ya hapo Metacritic wakaweka saa 36 za kusubiri kabla mchezaji hajaandika. Faida ya sehemu hiyo ni maneno: ukikuta watu kumi hawajuani wote wanasema linazima sehemu moja, hilo ni kweli.

Gemu linastaki. Ni gemu lenyewe au mashine yangu?

Jaribu gemu jingine zito kwa nusu saa. Nalo likistaki, ni mashine. Ukanda huu wa bahari una unyevu na chumvi, na vumbi la mtaani linagandamana kwenye feni. PS4 ikivuma kama pampu, ifunguliwe isafishwe na fundi kabla hujalaumu CD. Angalia na nafasi kwenye hadi diski. Kisha zima mashine kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mlio wa pili, kama sekunde 7, unganisha pedi kwa waya, chagua namba 5, Rebuild Database. Haifuti magemu.

Kama mengine yanateleza na hili linakwama mahali pale pale palipotajwa na wahakiki, acha kusumbua fundi.

CD ya mtumba inayotoka Dar nikague nini?

Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar, na kurudisha CD kwa basi kunakula faida yote. Omba video moja isiyokatwa: CD upande wa chini kwenye mwanga, inaingia kwenye mashine, gemu linafunguka, toleo linasomeka. Mikwaruzo inayofuata mzunguko wa CD ni hatari kuliko inayotoka katikati kwenda nje. Ufa mdogo kwenye tundu la katikati, kataa. CD za PS4 zinacheza mashine ya nchi yoyote, ila nyongeza za kununua mtandaoni lazima zilingane na ukanda wa CD. PS5 isiyo na mlango wa CD, bila kuongeza kifaa cha kusomea, haitasoma chochote. Wapo waliouziwa vyote viwili pamoja.

Nitajuaje bei inayofaa kwa gemu la njano bandani?

Gawa bei kwa chaji ya mechi. CD ya 45,000 kwa mechi ya 300 ni mechi 150 kabla hujaanza kula. Gemu jipya la njano linavuma wiki mbili hadi tatu kisha vijana wanarudi kwenye mpira, kwa hiyo mechi hizo lazima zipatikane ndani ya muda huo, yaani 8 hadi 11 kwa siku. Ukiona hazifiki, bei haijafika. Msimu wa minada ya korosho, kuanzia Oktoba, hela iko mtaani na gemu la kujaribu linavumilika. Miezi ya katikati ya mwaka ongeza CD ya mpira ya akiba badala yake.

Na kwa mtoto nyumbani, gemu la 54 linafaa?

Inategemea 54 ya nini. Knack, lililokuja na PS4 Novemba 2013, lina 54. Wahakiki walisema linachosha na ni gumu ghafla ghafla, na ukifa unarudishwa mbali. Pedi ya pili inaingia muda wowote, basi mkubwa akikaa na mdogo, ugumu unapungua. Knack 2 ya 2017 ina 69, pedi mbili zimepangwa vizuri zaidi, na haimtaki mtu awe amecheza la kwanza. Kati ya hizo mbili anza na ya pili. Kwenye ganda angalia namba ya PEGI, 3, 7, 12, 16 au 18. Hiyo ni ya umri, haina uhusiano na ubora, na wauzaji wengine huisoma kama alama.